Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Mshahara na Kazi ya Moyo

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia na kitu kimoja: muda. Tumechagua nane ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kando.

Ndugu wahariri, salaam. Mimi ni mhasibu. Naingia kazini saa 2 asubuhi, natoka saa 11 jioni, na njiani natumia saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Nina riwaya niliyoianza miaka miwili iliyopita. Kila Jumamosi najitengea saa nne za kuandika, lakini nikikaa naishia kusoma nilichokwisha kuandika, narekebisha sentensi za mwanzo, kisha naghairi. Sura ya pili haijaisha. Nitapata wapi muda?

Muda unao. Kinachokushinda ni kuanza. Anayeandika mara moja kwa wiki hukuta hadithi imempoa kichwani. Mhusika huyu alikuwa anajua siri gani? Msimulizi alikuwa anasema kwa sauti ipi? Kuyarudisha hayo humla mtu dakika 40 hadi saa nzima, na njia anayoiona ni kusoma tangu ukurasa wa kwanza. Akisoma anaona makosa, akiyaona anayarekebisha, na Jumamosi inakwisha. Isitoshe, Jumamosi ndiyo siku ya wageni na shughuli za ukoo. Ikiharibika hiyo moja, wiki nzima imekwenda na maji.

Kwa hiyo zivunje hizo saa nne. Weka vipindi vinne vya nusu saa katikati ya wiki, na Jumamosi uibakishie saa moja tu, tena kwa kazi nyingine: kusoma na kusahihisha. Kabla ya kuchagua vipindi hivyo, andika kwa siku saba jinsi siku yako inavyokwenda, nusu saa kwa nusu saa, bila kujifanya mtu mwingine. Wiki ina saa 168. Ukitoa usingizi wa saa 56, kazi saa 45 na safari saa 10, zinabaki 57. Nyingi kati ya hizo zina wenyewe: kupika, kufua, watoto, ibada, wazazi. Usitafute saa iliyo tupu, hutaiona. Tafuta nusu saa inayopotea mahali palepale kila siku. Mara nyingi ni ile ya kufika nyumbani na kukaa na simu kabla ya kuvua viatu, au ile ya kuamka na kujigeuzageuza kitandani.

Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, aliajiriwa posta kwa zaidi ya miaka 30 huku akitoa riwaya moja baada ya nyingine. Saa 11:30 alfajiri alikuwa ameshakaa mezani, saa yake ya mfukoni iko mbele yake, na alijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Kasi hiyo usiiige, wachache mno wanaiweza. Cha kuiga ni kwamba alianza kwa kusoma alichoandika jana, basi. Hakurudi mwanzo wa kitabu.

Nusu saa yako igawe hivi. Dakika 3 za kwanza soma aya ya mwisho peke yake. Dakika 25 andika kwenda mbele. Ukikumbuka kosa la sura ya kwanza, lidondoe kwenye karatasi ya pembeni na uendelee. Dakika 2 za mwisho acha sentensi katikati, kwa makusudi, wakati bado unajua inakoelekea, kisha andika mistari mitatu: nimeishia wapi, nini kinafuata, swali gani bado halina jibu. Mistari hiyo mitatu ina thamani kuliko ukurasa mzima, maana kesho yake ndiyo itakayokuingiza kazini kwa dakika tatu badala ya arobaini. Wengi huandika mpaka wakaishiwa kabisa, wakajisifu, kesho yake wakakaa mbele ya karatasi hawana pa kushika.

Hesabu yake wewe utaipenda. Maneno 200 kwa kipindi ni kiasi cha mtu anayekwenda taratibu. Vipindi vinne ni maneno 800 kwa wiki. Ondoa wiki 7 za ugonjwa, safari na kufunga hesabu za mwaka, zinabaki 45: maneno 36,000 kwa mwaka, 72,000 kwa miaka miwili. Hiyo ni rasimu ya riwaya nene. Na usijipime kwa idadi za maneno zinazotajwa kwa riwaya za Kiingereza, kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba kazi ya maneno yao matatu au manne.

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, natunga hadithi fupi za watoto na kuzichorea picha mwenyewe. Kila mahali nasoma ushauri wa "chagua saa moja na uishike kila siku". Zamu zangu hubadilika kila wiki: asubuhi, jioni, usiku. Nifanyeje?

Ushauri huo uliandikwa kwa watu wa ofisini, dada. Wewe usifunge kazi yako kwenye saa, ifunge kwenye tukio linalotokea katika kila zamu. Mfano: "Nikishavua sare na kuoga, nakaa na daftari dakika 20." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nafanya lile", na imeonekana kusaidia watu kutimiza nia zao kuliko kuazimia kwa jumla tu. Sharti ni kwamba tukio liwe la kuonekana. "Nikipata nafasi" si tukio.

Halafu tenga kazi nzito na kazi nyepesi. Kutunga kisa, kupanga nini kiko ukurasa gani na kuchora michoro ya kwanza ni kazi nzito. Kupitisha wino juu ya penseli, kujaza rangi, kufuta mistari ya penseli na kunakili kwa usafi ni kazi nyepesi, ambazo mkono huzifanya hata kichwa kikiwa kimechoka. Baada ya zamu ya asubuhi unaweza nzito. Kabla ya zamu ya jioni ndiyo saa yako bora ya wiki, ilinde. Baada ya zamu ya usiku peke yake, mpango wa sare na daftari uache: usiguse chochote, lala. Ukitunga katika hali ile utaona kila kitu ni kibaya na utachana kurasa ambazo hazina kosa. Ukiamka alasiri, chukua kazi nyepesi. Ili hilo liwezekane, weka wakati wote bahasha yenye kurasa mbili au tatu zilizo tayari kutiwa wino, la sivyo siku ya kazi nyepesi itafika na kazi yenyewe haipo.

Ukikosa siku, usihesabu kwamba umeanguka. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Katika matokeo waliyoyatoa 2009, muda wa kati wa jambo kuzoeleka ulikuwa siku 66, huku wengine wakichukua 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mwendo.

Napaka rangi za mafuta. Sina chumba cha kazi, natumia meza ya chakula. Kutandaza magazeti, kutoa rangi, kupaka, kusafisha brashi na kurudisha kila kitu kunanichukua karibu saa nzima kabla sijahesabu uchoraji wenyewe. Siku za kazi sigusi kabisa.

Kwa siku za kazi, badilisha rangi. Hakuna ratiba itakayokusaidia kama maandalizi ni marefu kuliko uchoraji.

Tengeneza kisanduku cha rangi za maji kinachofunguka na kufungwa kwa dakika mbili. Rangi sita zinatosha: njano mbili, nyekundu mbili na bluu mbili, moja ikiwa ya joto na nyingine ya ubaridi katika kila jozi, na ukitaka ongeza kahawia moja. Nyeusi iache dukani. Bluu ya ultramarini ikichanganywa na kahawia ya sienna iliyochomwa hutoa weusi ulio hai zaidi. Brashi za duara mbili, namba 4 na namba 8. Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikatwe mapema vipande vya sentimita 10 kwa 15, vipande 20 kwa mara moja. Ukitumia karatasi ya kawaida ya kuchapia, ya gramu 80, itajikunja mara tu ikilowa, kwa sababu nyuzi zake huvimba bila ulingano na hakuna unene wa kuzizuia. Kila kipande kibandike pembe nne kwenye ubao mwembamba kwa utepe wa karatasi. Usiku ukimaliza, bandika kipande cha kesho hapohapo. Ukikikuta kinakusubiri utaanza. Ukikuta ubao mtupu utaahirisha.

Kama moyo hautaki rangi za maji, akriliki inawezekana, ila hukauka haraka kwa kuwa maji yake huyeyukia hewani. Chukua kopo bapa lenye kifuniko, tandaza kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, juu yake weka karatasi ya kuokea, na rangi ziweke juu ya karatasi. Maji hupenya kidogokidogo na rangi hukaa laini siku kadhaa. Kosa la kawaida ni kuacha kitambaa kinatiririka maji: rangi hugeuka uji. Kosa la pili ni kukisahau wiki mbili: kinaota ukungu. Badilisha kitambaa kila baada ya siku nne au tano.

Rangi za mafuta zibaki za Jumapili. Hizo hazikauki kwa kupoteza maji. Mafuta yake hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka gumu. Ndiyo maana ukizifunika zisipate hewa na kuziweka mahali pa baridi, zilizobaki zinaweza kufika Jumapili ijayo. Jambo moja ambalo wanaofanya kazi kwa haraka hulisahau, nalo ni hatari ya kweli: matambara yenye mafuta ya kitani yakifinyangwa na kutupwa kwenye pipa hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatie kwenye kopo la bati lenye maji, ufunge kifuniko.

Kazini naandika ripoti kutwa nzima. Jioni nikitaka kuandika mambo yangu, kichwa hakina neno. Je, ni uvivu?

Hapana. Umetumia kiungo kilekile kwa saa nane, na jioni unakidai tena.

Kwanza, kazi ya ofisi ifunge kabla hujatoka. Sophie Leroy alionyesha katika utafiti wa 2009 kwamba mtu akihamia kazi nyingine, sehemu ya akili hubakia kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza. E. J. Masicampo na Roy Baumeister nao walionyesha 2011 kwamba kuandika mpango maalumu wa jambo ambalo halijaisha hupunguza jinsi linavyosumbua akilini. Kwa hiyo dakika 5 za mwisho ofisini andika yaliyobaki, na mbele ya kila moja hatua ya kwanza ya kesho: "fungua faili la robo ya pili, anza na jedwali la gharama." Kuandika "ripoti" peke yake hakusaidii kitu.

Pili, badilisha chombo. Kama ofisini ni kompyuta, nyumbani iwe kalamu na daftari, au sauti kwenye simu. Wallace Stevens, mshairi wa Marekani aliyekuwa mwanasheria katika kampuni ya bima mjini Hartford, alikuwa akitunga mashairi akitembea kwenda kazini. Mshairi mwenzake, William Carlos Williams, alikuwa daktari na akiandika kati ya mgonjwa na mgonjwa. Na huku kwetu Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali, miaka mingi katika idara ya forodha. Kazi ya mshahara haikuwazuia hao kuandika.

Tatu, kama mwili unakubali, hamia alfajiri. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, akiwa mhariri na mama wa watoto wawili, aliandika kabla hakujapambazuka. Lakini alfajiri inalipiwa usiku. Atakayeamka saa 11 bila kulala saa 3 au saa 4 usiku hudumu wiki mbili tu, kisha huanza kuichukia hata kazi aliyoipenda.

Nasafiri kwa basi saa moja na nusu kila asubuhi, mara nyingi nimesimama, siwezi kushika daftari. Napenda ushairi wa vina na mizani. Muda huu unaweza kufaa?

Unafaa kuliko unavyodhani, na katika barua zote hii ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Vina na mizani vinakaa kichwani kwa urahisi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) 16, nane kwa nane. Ni mizani 64 tu. Mtu aliyesimama, mkono mmoja juu, anaweza kuubeba wote.

Ila usipande basi mikono mitupu. Usiku andaa mshororo mmoja na uuhifadhi. Tuseme:

*Kazi inanisubiri, moyo wataka kuimba*

Hesabu: ka-zi-i-na-ni-su-bi-ri, nane, mo-yo-wa-ta-ka-ku-i-mba, nane. Kina cha kati ni -ri, cha mwisho ni -mba. Sasa andika orodha mbili kabla ya kulala, maneno kama kumi kila moja: safari, habari, hiari, fahari, hatari, siri, tayari, nyumba, chumba, mwamba, kamba, shamba, omba, pamba. Zisome mara tatu. Asubuhi ndani ya basi kazi yako ni kutafuta mishororo mitatu, huku mizani ukihesabu kwa vidole vya mkono ulioshuka: vidole vinne mara mbili ni nusu ya mshororo.

Ukishuka tu, kabla hujaongea na mtu, irekodi kwa sauti kwenye simu. Si baada ya kufika ofisini. Salamu tatu zinatosha kufuta mshororo mzima.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kujaza mizani kwa maneno ya kuziba pengo, "jamani", "kwa kweli", "naye yeye", ambayo sikio huyapokea kwenye kelele za basi lakini jicho likiyaona kwenye karatasi linaona aibu. Nusu saa ya Jumamosi itumie kuyang'oa. La pili ni kuchagua vina vigumu ili kujionyesha. Kina chenye maneno manne tu katika lugha kitakukwamisha kwenye ubeti wa tatu na utalazimika kuacha tungo nzima.

Ukitaka kisa kirefu, geukia utenzi: mizani nane kwa mshororo, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne hushika bahari, yaani kina kimoja kinachopita tungo yote. Beti mbili kwa safari si nyingi, lakini siku 200 za kazi ni beti 400.

Mume wangu anasema kufuma kwangu ni mchezo. Nikijifungia, watoto wanagonga mlango kila dakika.

Usiombe "muda wangu", omba kipindi chenye mwanzo na mwisho: Jumanne na Alhamisi, saa 2:30 hadi saa 3:10 usiku. Mbele yake weka malipo: yeye naye apate vipindi viwili visivyoguswa. Kisha, na hapa ndipo makubaliano mengi hufia, maliza kwa wakati. Ukichelewa dakika 15 mara mbili, hakuna atakayeheshimu mwanzo wako. Watoto wanaojua kusoma saa waonyeshe mshale utakapofika. Wadogo zaidi wape kengele ya kuhesabu dakika waishike wenyewe. Kuhusu neno "mchezo", usibishane. Ukimaliza kipande, kitundike ukutani.

Niache kazi ili nipate kutengeneza muziki wangu kwa utulivu?

Jaribu kwanza kwa likizo. Chukua siku kumi mfululizo na uziishi kama umeshaacha: saa tatu za muziki kila siku, simu chumba kingine, hakuna safari. Kama siku kumi zimepita na saa hizo hazikutimia, kizuizi si mwajiri. Kama zimetimia na una vipande vilivyokamilika, basi sasa unaweza kupiga hesabu ya fedha. Alexander Borodin alikuwa profesa wa kemia, Charles Ives aliendesha kampuni ya bima, na muziki wao unapigwa hadi leo. Ni kweli pia kwamba Borodin alipofariki 1887 aliacha opera haijaisha, wenzake ndio walioimalizia. Kazi ya mshahara ina gharama yake, hatukufichi.

Kabla ya lolote, soma mkataba wako. Baadhi ya mikataba humpa mwajiri haki juu ya ulichotengeneza kwa saa zake au kwa kompyuta yake. Nyimbo zako zirekodi kwa vifaa vyako.

Nina madaftari manne na miradi kumi na moja niliyoianza. Muda kidogo ninaoupata unaishia kuchagua nianze na upi.

Kaa na karatasi moja. Kwa kila mradi, jipe dakika moja uandike hatua inayofuata kwa sentensi moja ambayo mtu mwingine angeielewa. "Kuendelea na hadithi" haihesabiki. "Kuandika Asha anapokuta barua jikoni" inahesabika. Miradi mingi itakosa sentensi. Hiyo ingiza kwenye bahasha, kila mmoja na ukurasa mmoja wa maelezo, na bahasha uiweke mbali na meza. Kati ya iliyobaki, chagua ule ulio karibu zaidi kumalizika, hata kama si unaoupenda zaidi, na uupe wiki sita. Wazo jipya likija, na litakuja siku ya tatu maana ndipo kazi ya zamani huanza kuchosha, liandikie mistari mitano na ulitie kwenye bahasha. Wiki sita zikiisha bila mradi kusogea, utoe mezani na uingize mwingine.